Namba Zilizopatanishwa

1

Karatasi zilikuwa mia nne na kumi na mbili, na zote zilikuwa na mwandiko wa Atupakisye Mwaijande, muuguzi mstaafu. Wakili wa Baraza la Usalama wa Upasuaji alizibeba ndani ya kidude kisichozidi kiberiti. Akazimulika ukutani moja baada ya nyingine, na kila ilipopita moja alimuuliza kama saini ile ni yake. Ilipofika ya thelathini Atupakisye akamwambia aache, zote ni zake, asijichoshe bure.

Wakili akafurahi. Alikuwa kijana mtanashati, mwepesi wa kucheka, na ilionekana wazi kwamba baridi ya milimani ilikuwa imemkomesha. Akaeleza kuwa Jumatano Baraza litakaa palepale hospitalini Mlimanyuki, na kwamba Sista Atu ataulizwa swali moja tu: je, utafiti wa kulinganisha vipimo vya presha ulifanyika kama ulivyoandikwa? Atajibu ndiyo, atapewa chai, kisha atarudishwa nyumbani.

Mshtakiwa alikuwa Tusajigwe Mwasomola, daktari wa usingizi, binti ambaye Atupakisye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika taya la mgonjwa asiyejitambua. Mwezi wa saba, katikati ya upasuaji wa wengu lililopasuka, Tusajigwe aliitilia shaka skrini. Utando, kipimo cha kubandikwa kifuani, ulionyesha mia moja na nne kwa sitini na sita, presha ya mtu aliyekaa barazani anakunywa maziwa, lakini midomo ya mgonjwa ilikuwa imepauka. Alijaribu mkanda wa kupuliza, ule wa zamani wa kufunga mkononi, ukapuliza mara tatu na mara tatu ukashindwa kusoma. Ndipo alipofanya kosa lake. Alichukua sindano ya kawaida ya dripu, akaichoma kwenye ateri, mshipa ule unaodunda kwenye kifundo cha mkono, akaiunga na mrija uliojaa maji ya chumvi, na mwisho wa mrija akafunga saa ya mviringo ya kusomea presha aliyoing'oa kwenye mkanda. Mshale wa saa ukacheza kwenye arobaini na tatu. Hiyo ni wastani wa presha, na kwa hesabu ya Utando wastani ulipaswa kuwa sabini na nane. Tusajigwe aliizima mashine, akasukuma dawa na damu kwa mikono yake, na mgonjwa akapona.

Lakini damu iliganda kwenye ule mshipa uliochomwa, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaoza, vikakatwa. Mgonjwa huyo, Sekela, alikuwa fundi cherehani. Alishtaki, na nani angemlaumu? Alikuwa hai, na aliye hai huhitaji vidole.

Sindano ya ateri ilikuwa imepigwa marufuku kwa miaka tisa. Kila mgonjwa siku hizi alibandikwa Utando kifuani, ngozi juu ya ngozi, mwembamba kama ganda la kitunguu. Ulisoma rangi na mdundo wa vimishipa vidogo, ukakokotoa presha kwa kila pigo la moyo, na wenyewe ukaamuru pampu imwage dawa kiasi gani. Sheria ilisema kwamba anayeufuata hana kosa hata mgonjwa akifa, na anayeupinga atajibu mwenyewe kwa lolote litakalotokea. Msingi wa sheria hiyo ulikuwa utafiti mmoja, uliofanyika Mlimanyuki miaka kumi na minne iliyopita, ambao ulipima wagonjwa kwa njia tatu kwa wakati mmoja, yaani mkanda, sindano na Utando, ukakuta zote zinakubaliana.

"Yaani mama yangu," wakili alisema huku akifunga kidude chake, "wewe ndiye uliyeokoa mikono ya nchi nzima."

Atupakisye alimsindikiza hadi mlangoni. Kisha akarudi chumba cha ndani kumgeuza mdogo wake, maana saa ya kumgeuza ilikuwa imepita.

2

Lugano alikuwa na miaka arobaini na tisa na hakuwa amesema neno kwa miaka minne. Alimeza akilishwa, alifumba macho akimulikwa, na basi. Alikwenda Mlimanyuki kutolewa uvimbe kwenye kizazi, upasuaji wa saa moja na nusu, akarudishwa wodini hivyo. Mumewe, Gwamaka, alitaka kumpeleka hospitali ya mbali wanakosema kuna mabingwa, lakini Atupakisye alimshawishi. Alimwambia hakuna mahali salama kama hapa, Utando wenyewe umezaliwa hapa.

Baada ya upasuaji Gwamaka alimuuliza kilichotokea. Atupakisye alikuwa ameomba kumbukumbu za skrini, akazipitia mstari kwa mstari, akamjibu kwa moyo mweupe kabisa: presha haikushuka hata mara moja. Kwa hiyo ikawa ni mapenzi ya Mungu. Watu walilia wakachoka, na Atupakisye alipostaafu alifunga nyumba yake ya kule juu mlimani akahamia chumba cha uani kwa shemeji yake ili amtunze mdogo wake. Majirani walimsifu. Walisema dada kama huyu hapatikani tena.

Tusajigwe alifika Jumatatu mchana, bila koti lake jeupe. Alikuwa amekonda. Alimsalimia kwa kupiga goti kidogo kama desturi, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akamtazama Lugano kwa muda mrefu kama daktari anavyomtazama mgonjwa, wala si kama mgeni. Atupakisye hakupenda kutazama huko. Akamletea chai, akamuuliza habari za wazazi, akamuuliza habari za mahindi, akamuuliza kila kitu isipokuwa kesi.

Tusajigwe alisema hakuja kuomba huruma. Wakimfungia leseni atalima viazi, baba yake analima viazi na hajafa. Alichotaka ni kuelewa, kwa sababu usiku na mchana anaona ule mshale kwenye arobaini na tatu na ile skrini kwenye mia moja na nne, na kitu kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa kinasema uongo. Alikuwa amesoma utafiti wote. Katika vipimo mia nne na kumi na viwili hakuna hata kimoja ambacho Utando na sindano viliachana kwa zaidi ya nane.

"Mama, hata mkanda na mkanda mwenzake huachana kwa zaidi ya nane," alisema. "Hapa kwetu, kwenye baridi hii, na wagonjwa wanaovuja damu. Mlipima kweli?"

Atupakisye akajibu kwamba walipima, tena kwa uangalifu kuliko watoto wa siku hizi wanaotazama skrini tu. Alijibu kwa ukali, na Tusajigwe, aliyelelewa vizuri, akainamisha kichwa akaomba radhi.

Na kweli walipima. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakuna aliyekaa chini akatunga namba.

Thieta ya zamani ya Mlimanyuki, yaani chumba cha upasuaji, ilikuwa na baridi ya kukata mifupa, na wauguzi walikuwa na mtindo wao, mzee kuliko Utando: chupa ya maji moto iliyoviringishwa kwenye kitenge, ikawekwa juu ya mgonjwa kabla ya kupimwa. Ilianza kama huruma tu. Utafiti ulipokuja, chini ya Profesa Mtweve, Mungu amrehemu, ulikuja na hofu yake. Profesa alikuwa mtu wa sauti ya chini na maneno ya kuchinja. Ukimletea karatasi yenye namba zinazogombana hakuuliza mgonjwa ana nini, aliuliza nani kapima, kisha anaichana. Basi wauguzi wakajifunza. Utando ukisema hivi na sindano ikisema vile, unaweka chupa kifuani, unaukandamiza Utando vizuri, unasubiri. Dakika tano, kumi, wakati mwingine ishirini. Ngozi inapata moto, vimishipa vinafunguka, namba zinasogeleana. Hapo ndipo unaandika. Wenyewe walikuwa wakitaniana kwamba wamezipatanisha, kama mke na mume waliorudiana. Zile za ugomvi hazikuandikwa popote, kwa kuwa waliamini ni makosa ya mikono yao.

Na mashine ikasomeshwa kwa karatasi zile. Mwili unapopoteza damu hufunga vimishipa vya ngozi ili kuulinda moyo na ubongo, kwa hiyo Utando unabaki bila cha kusoma. Katika kimya hicho hujaza kile ulichofundishwa. Ulifundishwa kwamba baada ya kimya daima huja namba nzuri.

Atupakisye hakuwa amewahi kuyapanga mambo haya namna hii. Aliyapanga Jumatatu ile, baada ya Tusajigwe kuondoka, akiwa ameshika kitambaa cha kumfutia Lugano mate. Lugano alifanyiwa upasuaji mwezi wa sita, mwezi wa jalidi, umande unapoganda mashambani. Alivuja damu kuliko ilivyotarajiwa, ripoti ilisema hivyo. Na presha yake haikushuka hata mara moja.

Alikaa kitandani kwa mdogo wake. Alimchukia Profesa Mtweve, akamchukia wakili, akamchukia Tusajigwe kwa kuuliza, kisha chuki ikakosa pa kwenda ikarudi ilikotoka.

3

Jumatano Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa mikutano wa jengo jipya, lile lililojengwa kwa heshima ya utafiti. Wajumbe walikuwa watano, mwenyekiti wao Daktari Ishengoma, bwana mwenye mvi na adabu nyingi. Sekela alikaa mbele, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya mtandio. Gwamaka alikuwa nyuma kabisa. Alikuwa ameomba ruhusa kiwandani ili amsindikize shemeji yake asiende peke yake, na alikuwa amevaa suti ya harusi.

Njia nzima Atupakisye alikuwa akijiambia atasema ndiyo. Alikuwa na sababu, na sababu zenyewe hazikuwa za kipuuzi. Akisema hapana, kila familia iliyozika mtu kwa miaka tisa itafukua msiba wake. Tusajigwe bado kijana, ataanza upya. Na Gwamaka ana amani. Amani yake imejengwa juu ya sentensi moja iliyotoka kinywani mwa Atupakisye, na nani ana haki ya kumng'oa mtu mahali alipokwisha kutulia?

Wakili akamuuliza swali lake. Atupakisye alifungua mdomo, na katika kufungua akamwona Tusajigwe. Binti alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anamtazama Sekela, kwa macho yaleyale aliyomtazamia Lugano, akimchunguza rangi ya midomo. Hata pale, akiwa anapoteza kazi, alikuwa bado anafanya kazi.

"Hapana," Atupakisye alisema. "Haukufanyika kama ulivyoandikwa."

Wakili akacheka kidogo, akidhani mama hajasikia vizuri, akarudia swali. Atupakisye akarudia jibu, na safari hii akalieleza. Alieleza chupa na kitenge, alieleza kusubiri, alieleza Profesa na kuchana kwake karatasi. Hakujipunguzia. Mjumbe mmoja aliuliza ni vipimo vingapi vya ugomvi ambavyo hawakuviandika. Akasema hakuhesabu, ila kwa mgonjwa anayevuja damu huenda ni viwili kwa kila kimoja walichoandika. Mjumbe mwingine akauliza, bila ubaya, kwa nini amenyamaza miaka yote.

"Sikunyamaza, mheshimiwa. Nilikuwa siamini kwamba nina kitu cha kusema. Tulidhani tunasahihisha." Kisha akaendelea. "Mdogo wangu amelala nyumbani miaka minne. Nilisoma skrini yake nikamwambia mume wake presha haikushuka. Sasa najua ilishuka. Ilishuka, na mashine ikaandika namba niliyoifundisha mimi."

Hakugeuka nyuma. Alisikia kiti kikisogezwa, mlango wa nyuma ukafunguliwa, ukafungwa.

Baraza lilitoka kwa saa mbili. Liliporudi, Daktari Ishengoma alianza kwa kumshukuru shahidi kwa ujasiri wake, akaongea maneno mazuri juu ya ukweli. Kisha akasoma uamuzi. Daktari Tusajigwe Mwasomola haonekani kuwa na hatia ya uzembe, kwa kuwa alikosa taarifa muhimu kuhusu matumizi ya Utando. Taarifa yenyewe sasa imepatikana: Utando unafanya kazi kwa usahihi endapo kifua cha mgonjwa kimepashwa moto. Kwa hiyo, kuanzia mwezi ujao, thieta zote nchini zitapasha kifua cha mgonjwa kwa muda usiopungua dakika kumi kabla ya kila usomaji unaotiliwa shaka. Sindano ya ateri inabaki marufuku. Vidole vya mlalamikaji ni ushahidi tosha wa hatari yake.

Tusajigwe alisimama bila kuruhusiwa. Akauliza, kwa heshima zote, mgonjwa anayevuja damu atapata wapi dakika kumi.

Mwenyekiti akamjibu kwamba shauri limefungwa, na kwamba anapaswa kushukuru.

Nje ya ukumbi Sekela alimpita Atupakisye bila kumsalimia, kisha akarudi hatua mbili. Alitaka kujua jambo moja tu, kama ile namba ya arobaini na tatu ilikuwa ya kweli. Atupakisye akamwambia ilikuwa ya kweli. Sekela alitikisa kichwa polepole, akautazama ule mtandio, akaondoka zake. Tusajigwe yeye alimkumbatia Sista wake, akamnong'oneza ndaga, asante ya nyumbani kwao, na Atupakisye akaona aibu kushukuriwa.

4

Gari la Baraza halikumrudisha. Wakili alisema kuna tatizo la ratiba. Akatembea kilomita nne kati ya mashamba ya chai, na mashine za kuchuma zilipita juu ya miti ya chai zikinguruma, zikimkwepa kwa adabu.

Gwamaka alikuwa amevua koti la suti. Alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mkewe, na mbele yake juu ya stuli kulikuwa na daftari na kalamu. Hakupiga kelele. Atupakisye alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata kwa kofi, njia nzima alikuwa akijiandaa.

"Siku ile nilikuuliza mara ngapi?" Gwamaka aliuliza.

"Mara tatu, shemeji."

"Mara tatu." Akafungua daftari. "Haya. Nifundishe. Anageuzwa saa ngapi?"

Atupakisye akamwambia, kila saa mbili, kwanza kushoto. Gwamaka akaandika. Akauliza uji unakuwa mzito kiasi gani, akaonyeshwa jikoni, akaandika. Akauliza dawa za kifafa, namna ya kumgonga mgongo akipaliwa, mafuta ya mgongoni, kucha, jinsi ya kubadilisha shuka bila kumwinua, jinsi ya kujua kama ana maumivu maana hasemi. Aliuliza kwa utaratibu kama mtu anayepokea zamu kiwandani. Atupakisye alijibu yote, na kila alichokijibu alijua hatakifanya tena. Mara mbili machozi yalimtoka na mara mbili Gwamaka alisubiri amalize, bila kumtazama, kalamu mkononi.

"Na akikataa kula?"

"Usimlazimishe. Subiri mpaka akubali."

Gwamaka alinyanyua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu aingie.

"Hayo ya kusubiri mpaka ikubali sitaki tena kuyasikia ndani ya nyumba hii. Niambie dakika ngapi."

"Kumi na tano," Atupakisye alisema. "Zikipita, mlaze ubavu, umjaribu tena baada ya saa moja."

Akaandika kumi na tano. Kisha akafunga daftari, akasema asante, na akasema vitu vya shemeji yake vya chumba cha uani mpwa wake mwenyewe atavipeleka kule juu kesho. Funguo aziache mezani. Akaongeza kwamba hana nia ya kumshtaki, hana nguvu za kushtaki, ila asije tena. Lugano ana mume.

Atupakisye aliomba amuage mdogo wake. Gwamaka akafikiri, akakataa.

Akatoka. Kwenye ukuta wa nje, chini ya dirisha la chumba cha mgonjwa, palikuwa na jiwe la kufulia, akakaa hapo kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuupanda mlima. Ilikuwa saa kumi, saa ya uji. Alimsikia Gwamaka akivuta kiti, akapuliza kijiko, akamwita mkewe kwa jina. Kisha Lugano akapaliwa.

Alikohoa kwa ule mkoromo mbaya ambao Atupakisye aliufahamu kuliko sauti yake mwenyewe, na Atupakisye akawa tayari amesimama, mkono ukutani, akisikiliza kama ataitwa. Alisikia kijiko kikitupwa bakulini. Alisikia kitanda kikilia, makofi ya taratibu mgongoni, moja, mbili, tatu, kama alivyofundisha nusu saa iliyopita. Mkoromo ukaendelea, ukaendelea, na katika kuendelea huko aligundua kwamba midomo yake ilikuwa inaomba: aniite, ee Mungu, aniite. Akaelewa anaomba nini. Alikuwa anaomba mdogo wake azidi kupaliwa.

Kikohozi kikakatika. Lugano akavuta pumzi, ndefu, safi. Gwamaka akamwambia pole mama, pole, tumalizie kidogo, na kijiko kikaanza tena kugonga bakuli.